Figa la Tatu

Wewe cheka tu. Hata mume wangu alicheka, mpaka alipoliinua lile jiwe kwa mikono yake mwenyewe. Habari hii sikusimuliwa na mtu. Ilinipata mimi, mchana, macho yangu yakiwa wazi, katika cité ya Masisi, miaka michache baada ya uhuru.

Cité yetu, mtaa wa watu weusi, Wazungu waliipima kwa kamba, mistari mistari, chini ya ofisi zao. Mistari ya juu walikaa makarani na watu wenye nyumba za bati. Upande wa kanisa, makatekista. Chini kabisa, kwenye matope, ilikuwa Kambi ya Makantonye, ndiyo sisi, watu wa kutengeneza barabara. Kulikuwa na watu wa vilima na watu wa pori la Walikale, kila mmoja na lugha yake na majivuno yake, lakini moto tuliugawana. Nani alikuwa na kiberiti siku zile? Mwanamke mmoja akiwasha, wengine wanaenda kwake na kigae kuomba kaa. Moto hukumnyima mtu, hata kama jana mlitukanana. Na mimi, niamini, nilitukanana na wengi.

Kisha zikaja siku za machafuko. Watu walikimbia, nyumba zikabaki na milango wazi. Sisi tulikuwa tunalala kwenye kibanda kinachovuja, na binti yetu Furaha, wa miezi saba, alikuwa anakohoa mpaka midomo inageuka rangi. Kapita, msimamizi wa kambi, akatuonea huruma, akatupeleka kwenye nyumba moja ya bati. “Muikale,” akasema. “Mwenyeji akirudi, mutatoka.” Mwenyeji alikuwa mjane, Mama Vumilia, aliyekimbilia Walikale. Mimi sikuwahi kumwona.

Jikoni nilikuta mafiga mawili tu. Jirani yangu, Mama Sifa, akanieleza.

“Njo desturi ya kwabo. Mwanamuke akitoka mu nyumba na nia ya kurudia, anabeba figa moja. Vile hakuna mwingine atapika pale.”

Nilicheka. Nikaokota jiwe barabarani, nikateleka maharagwe. Maharagwe yakaiva vizuri kabisa, na ndani ya wiki mbili kifua cha Furaha kikaanza kufunguka. Nikaipenda ile nyumba. Nikaanza kumwomba Mungu, nasema bila haya, mwenyewe asirudi.

Siku moja ya soko, saa tisa hivi ya alasiri, ukungu ulishuka mlimani mpaka usione nyumba ya jirani. Nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke mzima, kitunga mgongoni, kamba yake imekaza kwenye paji la uso. Mzigo ulikuwa mzito, niliuona shingoni mwake.

“Mama, unipatie moto.”

Nikamtilia kaa kwenye kigae. Akakipokea, lakini hakuondoka. Alikuwa anaangalia jiko.

“Mwenyeji wa hii nyumba iko wapi?”

Nikadhani ni ndugu ya yule mjane, amekuja kuidai nyumba. Nikamtazama Furaha, amelala pakavu, anapumua bila taabu. Uongo ukanitoka hata bila kufikiri.

“Alishakufa.”

“Alikufa?”

“Alishakufa kule mu pori. Tulilia kilio, tukamaliza.”

Kilio gani? Hakuna aliyelia. Sikuwa nimesikia lolote juu yake. Yule mama hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

“Aksanti, mama,” akasema. “Hakuna muntu alinipasha ile habari.”

Akatua kitunga, akatoa kitu, akakiweka kizingitini. Mimi nikageuka kumfunika mtoto. Nilipotazama tena, hapakuwa na mtu. Kigae kilikuwa chini, kaa limezimika. Kizingitini palikuwa na jiwe, upande mmoja mweusi kwa masizi.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nikamweleza, akanicheka. Akaliinua lile jiwe, akaondoa langu la barabarani, akaliweka pale. Likakaa sawasawa kwenye shimo lake, masizi yakitazama moto. Akaacha kucheka.

Baada ya siku nne akafika mchuuzi wa mawese kutoka Kashebere. Kutoka kule mpaka kwetu ni siku mbili kwa miguu. Alikuwa anawatafuta ndugu wa Mama Vumilia.

“Tulikuwa naye mu barabara, anarudia kwake, na nguvu yote,” akasema. “Siku ya soko, saa tisa, pale Kashebere, akatua kitunga. Akasema, ‘Kumbe mimi nilishakufa.’ Akalala palepale, hakuamuka. Mu kitunga tulikuta nguo tu. Ile figa alikuwa anabeba, hatukuiona.”

Tulibaki katika ile nyumba. Tungeenda wapi? Furaha alipona, leo ni mama wa watoto. Mimi ndiye sikupona. Kwenye yale mafiga sikupika tena, nilipika nje, hata kwenye mvua, na watu wakaniita mwendawazimu. Kila nikiwasha moto najiuliza: nilimpasha habari, au nilimuua?

Kwa hiyo, wewe unayekaa katika nyumba ya mtu aliyekimbia, nisikilize. Mgeni akikuuliza mwenyeji yuko wapi, mwambie hajarudi. Usiongeze neno. Huenda ni yeye mwenyewe anayeuliza.