Jina la Mkubwa Halifutwi

Siku ya kwanza kazini nilivaa sweta mbili, maana chumba cha kompyuta kilikuwa baridi kama jokofu la bucha. Mimi, mkaaji wa mtaa wa Mowlem, shule niliiacha darasa la sita. Kampuni ya unga iliniajiri kubeba karatasi za mashine. Lakini Msimamizi wa Kompyuta, mama mkali, alinikalisha mbele ya kioo cha kompyuta akanifunza kazi.

Kompyuta ilikuwa moja, kubwa kushinda kabati la nguo. Ndani ilijigawa, kila idara ikajiona ina mashine yake. Kati ya mashine hizo za kujifanya kulikuwa na swichi, yaani mlango wa kupita toka mashine moja hadi nyingine, nayo ya kujifanya: haishikiki, haina waya. Mtu hakupita hapo mpaka niandike jina lake na kumpa ruhusa. Akihama, namtoa kwenye orodha siku hiyo hiyo.

"Mlango ni wako," Msimamizi aliniambia. "Hata mimi nikienda, nitoe."

Siku aliyoacha kazi, nikamtoa. Alinishika mkono akanishukuru.

Kisha Meneja wa Mauzo akahamishiwa Mombasa. Nikamtoa pia. Lo! Karani wake alinijia mbio.

"Mama Mwende, umemfuta mzee kama marehemu?"

"Amehama."

"Amehama, hajafa! Rudisha jina!"

Msimamizi mpya akamuunga mkono. "Huyo ni mkubwa, Mama. Tumwachie, ni heshima."

Nikakataa. Akaliandika mwenyewe, mimi akanirudisha kubeba karatasi.

Heshima gani hiyo? Ofisi nzima ya mauzo ilijua neno la siri la mzee, wakipita kwa jina lake hadi mashine ya stoo. Siku moja mtu akabadilisha hesabu ya stoo kwa jina hilo, na magunia yakapotea. Mzee wa Mombasa hakuulizwa, nani angemuuliza? Akafukuzwa Musyoka, mweka stoo, jirani yangu, mtu ambaye hata kugusa kompyuta hakujua. Nikamkuta mtaa wa Pipeline akipandisha mitungi ya maji kwenye magorofa, mgongo umepinda.

Siku ya kustaafu nilimwomba Msimamizi neno moja tu: amtoe yule mzee, amrudishe Musyoka kazini.

Akacheka. "Mama, wewe ndiye tumekutoa. Tangu asubuhi."

Sikununa kwa kutolewa, wajukuu wangu. Ndivyo kazi inavyotakiwa. Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba walijua kutoa jina. Walijua kabisa!