Maneno Kumi na Mawili Sandukuni

Mwanangu, mimi niliacha shule darasa la nne na leo masanduku yangu yamefika Ulaya. Nilikuwa nikijiapiza kwamba hakuna la dunia hii litakalonishangaza. Asubuhi niliyoshangaa ninaikumbuka mpaka leo.

Mteja wa mbali alinilipia milango yake ya kuchonga kwa sarafu za mtandaoni. Nilizitegemea kuezekea nyumba yangu ya mtaa wa Amani. Rahma, binti wa dada yangu, akanifungulia pochi kwenye simu, ile ambayo funguo zake unashika mwenyewe. Pochi ikatoa maneno kumi na mawili ya Kiingereza.

“Simu ikifa, mjomba, haya ndiyo yatakayorudisha pesa. Na atakayeyaona, pesa zake. Yaandike karatasi mbili, uziweke mbalimbali.”

“Karatasi chakula cha mchwa,” nikamjibu. “Mie nna patasi.”

Nikayachonga, tena kwa hati nzuri, ndani ya saraka, ile droo ya siri ya sanduku lililokuwa la maonyesho tu karakanani kwangu, Kikwajuni. Lakini kwangu mteja hatoki mikono mitupu. Bi Mwanaisha, mwenye nyumba ya wageni Bwejuu, alilisifu, akapandisha bei, nikampakilia garini mwenyewe. Kwamba maneno yamo ndani, nilisahau kabisa.

Wiki ya tatu simu ikatumbukia kwenye ndoo ya vanishi. Simu mpya ikadai maneno. Nikakimbilia stendi.

Bwejuu nilimkuta Bi Mwanaisha analifukiza sanduku udi.

“Fundi, hili kago lako la kinga na baraka linafanya kazi,” akasema. “Tangu lije, vyumba vimejaa. Kila mgeni nnamfungulia saraka ayaone maandishi.”

Kila mgeni! Kumwambia ukweli siwezi, kuomba kunakili nikajaribu.

“Kago halinakiliwi. Ukilitaka, nunua sanduku zima.”

Nikalinunua, kwa bei aliyoitaja yeye. Pesa nilizikuta salama, alhamdulillahi. Rahma hakunicheka mbele yangu. Alinifungulia pochi nyingine yenye maneno mapya, akahamisha kidogo kwanza, zilipofika akahamisha zote. Yale ya zamani nimeyapiga randa. Nyumba imeezekwa, na ndani yake ndimo ninamoandikia haya.

Basi, mwanangu, chagua pochi unayoshika funguo mwenyewe, uipakue kwa watengenezaji wake, si kwa kiungo ulichotumiwa na usiyemjua. Maneno yaandike karatasini, mahali pawili pasipouzwa. Usiyapige picha, na anayekuomba, hata akijiita msaidizi wa pochi, ni mwizi. Yakishaonekana, hamisha siku hiyohiyo. Na anayejua zaidi yako, hata kama ulimbeba mgongoni, msikilize.

Mungu akupe riziki ya halali, na akili ya kuilinda. Mimi akili yangu niliinunua: bei niliyolirudishia sanduku, ukitoa ile niliyoliuzia, ukaongeza doti ya kanga ya kumtuliza Bi Mwanaisha kwa kukosa kago lake, ilinigharimu shilingi laki sita na elfu kumi na tano.