Mtaliano Tuliyemsomea Hitima

Mwaka jana nilirudi Dzamandzar, huko kisiwani Nosy Be, Madagaska, nikafua shuka nyeupe na kuianika uani kwa binamu yangu. Jioni niliianua ikiwa safi kabisa. Nilisimama nayo mkononi kama mtu aliyeibiwa kitu. Rafiki yangu, ungekulia pale ungenielewa. Siku zetu nguo nyeupe haikukauka bila madoa. Kiwanda cha sukari kilitoa moshi mchana kutwa, na masizi ya miwa yakashuka juu ya mabati, juu ya nywele zetu, juu ya mchele uliokwisha kupepetwa. Sasa kiwanda kimefungwa, dohani imepoa, na kunguru ndio wanaoingia na kutoka.

Kufagia masizi ndiyo ilikuwa kazi yangu ya asubuhi. Baadaye nilimsaidia mama kukaanga mokary, vile vitumbua vyetu vya mchele na nazi, huku harufu ya molasi ikiingia mpaka kwenye chai ya mchaichai. Upepo ukigeuka ulileta harufu ya maua ya milangilangi kutoka mashambani. Nilipapenda pale. Lakini king'ora cha kiwanda kilipolia, wafanyakazi wakatoka kwa wingi wakiongea kwa sauti, bibi yangu aliinuka, hata kama mikono ilikuwa na unga, akaenda kutia komeo mlango wa mbele. Alibaki amesimama nyuma ya mlango mpaka nyayo za mwisho zipite. Ndipo akafungua. Nilidhani nyumba zote hufanya hivyo.

Bibi tulimwita koko, kwa desturi ya watu wa Ngazija. Nyumbani tulizungumza lugha yake, nje tukazungumza Kimalagasi, na koko hakutaka tuchanganye. Tulikuwa tumetoka Mahajanga, mji wa bara, ng'ambo ya bahari, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa bado mgongoni mwa mama. Tulitoka baada ya zile siku ambazo watu wenye asili ya Ngazija waliwindwa nyumba kwa nyumba. Hayo niliyajua ukubwani. Utotoni nilifundishwa jina tu. Mtu usiyemjua akikuuliza ninyi ni akina nani, jibu: "Sisi ni akina Bertozzi, wajukuu wa Mtaliano." Tuliambiwa alikuwa mwashi, alikuja Mahajanga kujenga nyumba za mawe, akaoa huko, na sisi ndio uzao wake. Koko alitukalisha mkekani tukalikariri jibu hilo, na kuturudisha mwanzo kila tuliposita.

Shuleni wenzangu walilifurahia sana jina hilo.

"We Mtaliano wa molasi, jana umekula nini?"

"Wali na samaki."

"Mtaliano gani huyu hajui tambi! Hebu tuonyeshe hizo nywele za kwenu!"

Tulicheka wote, nami nikiwamo. Nilipomsimulia koko hakucheka. "Walikuwa watoto wa nani?" aliuliza. Kisha akasema, "Na wewe, ulikubali kwamba ni Mtaliano?"

Nikamwambia ndiyo. "Basi vizuri," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, koko alifanya hitima. Wanawake walikuja baada ya alasiri, wakasoma, na mwalimu wetu wa Kurani, ambaye kwetu anaitwa fundi, akaomba dua akiwataja marehemu wa nyumba mmoja mmoja kwa jina, ili thawabu ziwafikie. Koko alimnong'oneza majina. La kwanza lilikuwa la Mtaliano. Fundi alilitamka kwa shida, wanawake wakaitikia amina. Mwishoni aliuliza kila mwaka, kwa upole, "Na bwana wako?"

"Huyo bado," koko alijibu.

Babu alikuwa mshona nguo Mahajanga. Hilo tulilijua, na tulijua pia kwamba hatukuja naye. Koko hakuwahi kumkalia eda. Jirani mmoja aliwahi kusema kwamba mjane asiyekaa eda ana jambo analolificha. Tangu siku hiyo koko hakumwalika tena. Nami usiku nilisikiliza mlango, maana mtu ambaye bado, kwa akili yangu, angeweza kugonga wakati wowote.

Nilipoanza kazi na kupata nauli, niliamua kumtafuta Mtaliano wetu. Jina lilikuwa na sura nyingi. Mwalimu wa shule aliliandika Bertosy, cheti cha mama kilisema Beritozy, na dadangu alikuwa na lake. Nilizifuata zote. Andoany, mji wetu mkuu pale kisiwani, nilipata akina Bertosy wenye duka la vyuma. Walinipa soda na kuniambia kwa adabu kwamba hawanijui. Nikavuka kwenda Mahajanga. Katika makaburi ya Wakristo nikaliona jiwe lenye jina kamili, limefagiliwa, lina maua mabichi. Mlinzi alisema maua huletwa na bibi kizee anayeishi Amborovy, upande wa uwanja wa ndege.

Nilimkuta kibarazani akichambua mboga. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya Mtaliano, na kwamba mimi ni wa ukoo wake, aliweka mboga chini, akanitazama usoni.

"Huyo ni babu wa marehemu mume wangu," alisema. "Na wewe una uso wa yule mshona nguo. Nilidhani mlikufa wote, mwanangu."

Kumbe zamani zile nyumba yake na ya koko zilipakana ukuta. Siku ile watu walipokuja na fimbo na mapanga, bibi huyo alisimama langoni mwetu akawaambia waliomo ndani ni damu ya Mtaliano, babu wa mumewe. Wakamwamini, kwa sababu nyumba yake walikuwa wanaijua. Walipokuwa wanaondoka, babu akatokea njiani, ametoka msikitini.

"Nilimkonyeza. Nikamwita kwa jina letu, shemeji Bertozzi, njoo ule! Wakamuuliza, wewe nani? Akasimama wima, akataja jina lake na la baba yake. Wakampeleka nyuma ya ghala. Mimi nililiona lori lililokuja kuwachukua maiti. Alikuwamo."

"Koko alijua?"

"Alikuwa nyuma ya mlango. Alimsikia akijitaja, akasikia wakimchukua. Ya lori hakuyaona, na kabla sijamwambia mlikuwa mmetoweka, sikusikia tena habari zenu."

Nikamweleza kuhusu hitima. Alishika mdomo, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Yule mzee na mvinyo wake! Mnamsomea Kurani?" Halafu akayafuta macho. "Na mume wake je, nani anamsomea?"

Nilirudi Nosy Be nikamwambia koko yote. Hakulia. Aliniomba nguo nyeupe, akaingia chumba cha ndani, akakaa eda. Fundi, naye mzee sasa, alikuja kumweleza kutoka nyuma ya pazia kwamba kwa sheria eda ile ilishapita zamani.

"Ya kwenye kitabu imepita, fundi," alijibu. "Yangu ndiyo kwanza inaanza."

Alipotoka akafanya hitima. Safari hii hakunong'ona. Alilitaja jina la mume wake na la baba yake kwa sauti, kama babu alivyojitaja njiani, na wanawake wakaitikia amina. Ndivyo nilivyolisikia jina letu kwa mara ya kwanza. Kisha akamwambia fundi asimsahau Mtaliano.

Koko ametutoka. King'ora hakilii tena, na watoto wa binamu yangu hawajui kwa nini mlango wa mbele una komeo kubwa vile. Mimi mtu akinigongea na kuuliza hapa ni kwa nani, kinywa changu kinajibu Bertozzi kabla sijamwona ni nani. Lile jina jingine nalitaja kwenye hitima tu, mlango ukiwa umefungwa. Hata hapa, rafiki yangu, umeona kwamba sijaliandika.