Mama Nathanaeli na Damu ya Kisigino

Yunisi wa Igamba alikuwa na mdomo. Wanunuzi wa kahawa waliojaribu kumpunja kwenye mzani waliondoka wamenywea, na mchungaji mwenyewe alijua kwamba mahubiri yakizidi urefu, Yunisi ataanza kukohoa kule kwenye safu ya waimbaji. Mumewe, Jairo, alikufa kwa ajali ya lori akamwachia watoto wawili na kashamba ka kahawa. Akawalea kwa jembe na kwa kufokafoka, na hakuna aliyelala njaa. Kwa kuwa kifungua mimba wake alikuwa Nathanaeli, kijiji kizima kilimwita Mama Nathanaeli, na jina hilo alilipenda sana. Ndilo walilomwitia siku walipokuja kumuua.

Binti yake, Jenista, aliolewa Tunduma na Abdulrahim, dereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo. Kabla ya harusi Nathanaeli alimwambia dada yake mbele ya ukoo mzima kwamba aolewe na amtakaye, ila siku atakayosikia amebadili dini, atamkata kwa panga. Nathanaeli si mtu wa kutania. Alishamvunja jirani taya kwa sababu ya mpaka wa shamba. Basi Jenista akasilimu kimyakimya, akaitwa Nuria, na kila alipopanda gari kuja nyumbani alivua mtandio akauficha kwenye begi pamoja na jina lenyewe. Tunduma alikuwa Nuria, Igamba alikuwa Jenista, na upande huu hakuna aliyejua.

Mtoto wake wa kwanza, wa kike, alifia mikononi mwa bibi yake, Yunisi. Asubuhi alikuwa anacheka, jioni amepauka midomo na viganja, akakata roho kabla pikipiki haijafika. Maneno yalianzia hapo, msibani, watu wakiwa bado wanakula ugali wa Yunisi.

Wa pili, wa kiume, alizaliwa katika hospitali moja ya Tunduma. Kabla ya kuruhusiwa, walimtoboa kisigino, wakadondoshea damu kwenye karatasi ngumu, wakamweleza mama kwamba inapelekwa maabara kuangalia kama mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaorithiwa. Majibu yangekuja kwa simu. Simu iliyoandikwa ilikuwa ya Abdulrahim, na Abdulrahim alikuwa amekwama na lori Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, laini ya Tanzania imezimwa. Majibu yalipotoka, wakapiga, haipatikani, wakaacha. Jenista akauchukulia ukimya ule kuwa ni heri.

Kama ilivyo desturi, akaja kwa mama yake kulelewa uzazi, akakaa miezi. Alipompeleka mtoto kliniki kwenye zahanati ya huku, nesi Tabita aliomba kadi. Kadi ilikuwa na jina la Nuria. Jenista akasema amejifungulia nyumbani, hana kadi. Tabita akamwandikisha upya kwenye kishikwambi, mama mpya, mtoto mpya, asiyepimwa chochote. Hivyo serikalini kukawa na wanawake wawili, mmoja ana majibu ya mtoto, mwingine ana mtoto. Mkubwa mmoja alishapita hapa akaahidi kwamba mifumo ya afya itasomana karibuni. Sijui lini. Watu wa nyumba moja wenyewe walikuwa hawasomani.

Mtoto alipotimiza miezi saba, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Ukimgusa, analia mpaka sauti inakauka. Nathanaeli hakusubiri zahanati. Alimleta mpiga ramli kutoka upande wa Momba, na yule bwana alikula kuku wa watu, akazunguka uani akinusanusa, akasimama mbele ya Yunisi. Huyu ndiye, akasema, amemla wa kwanza na sasa anamfunga huyu viungo. Akalipwa akapanda pikipiki akaenda zake. Hasira ninayo kwa watu wengi katika habari hii, lakini yule namwombea mabaya mpaka leo.

Walikuja saa nne asubuhi, mchana kweupe, wanaume na vijana, na wanawake waliowahi kuazima chumvi kwake. Yunisi alikuwa anaosha kahawa.

"Mama Nathanaeli, toka nje," wakaita.

"Niko nje tayari," alisema. "Mmekuja kuchuma au kutazama?"

Aliyemjibu ni mwanawe. Nathanaeli alimpiga mtwangio wa kwanza begani, wa pili Yunisi akaukinga kwa mkono, na mkono ukavunjika juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza. Alianguka kwenye maji ya kahawa. Wakamkokota kwa nywele hadi uani. Mtu mmoja akampiga teke la mdomo na meno ya mbele yakatoka; mwingine, mwimbaji mwenzake wa kwaya, akamtupia jiwe lililompasua juu ya jicho. Jiko lake la kuezekwa kwa nyasi likatiwa moto. Kila alipojaribu kupiga magoti, walimrudisha chini kwa mateke. Kisha mtu akafungua bomba la tangi la pikipiki, akajaza kopo petroli, akammwagia kuanzia kichwani, na wakaanza kuulizana nani ana kiberiti.

Jenista alitoka ndani na mtoto mgongoni, akajilaza juu ya mama yake. Hapo wakasita, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mtoto. Katika kusita kule nesi Tabita akafika anahema, maana moshi ulionekana kutoka zahanati. Aliwapita, akapiga magoti, akaishika mikono ya mtoto na kuitazama.

"Jenista, huyu alipimwa damu ya kisigino?"

Jenista akaficha uso shingoni mwa mama yake.

"Nakuuliza, mdogo wangu. Hii naifahamu, ni selimundu. Lakini mimi nikisema tu hawa hawanisikii. Uliponiambia umejifungulia nyumbani sikuamini. Alipimwa wapi?"

Jenista alimtazama kaka yake, akalitazama na panga kiunoni mwake. Chini yake mama yake alikuwa anakoroma damu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kupewa uchaguzi mbaya kuliko ule.

"Alipimwa Tunduma," alisema. "Tafuta Nuria. Mimi ndiye Nuria."

Nathanaeli alikuwa mwepesi. Panga lilimshukia dada yake begani, likakata nyama hadi mfupa, na lingeshuka tena kama wanaume wawili wasingemdaka mkono. Mtoto hakuguswa. Jenista alizidi kumkumbatia mama yake, damu yake ikichanganyika na petroli, akawa anarudia tu, "Piga simu, dada Tabita. Wasikie wote."

Tabita alimpigia Gloria, mtu wa maabara inayopima damu zile, aliyesoma naye, akaweka simu kwa sauti kubwa. Nyuma yao jiko liliendelea kuungua. Gloria aliuliza jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, akatafuta, akarudi.

"Yupo. Nuria, mtoto wa kiume. Ana selimundu. Jamani, majibu haya yapo hapa tangu mtoto akiwa na mwezi mmoja. Mlikuwa wapi?"

"Mmesikia," Tabita aliwaambia. "Ni ugonjwa wa damu, amezaliwa nao. Hata yule wa kwanza bila shaka ndio uliomuua. Haurogwi huu. Unarithiwa kwa baba na mama."

Ungetegemea waone aibu. Nathanaeli alifikiri kidogo, kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha niliposimuliwa.

"Na Jenista ameurithi kwa nani?"

Tabita alianza kueleza, lakini Nathanaeli hakumpa nafasi.

"Basi ni kwa huyu huyu. Simu yenyewe imesema." Mtu alikuwa ameshampa kiberiti.

Tabita alimkumbatia Yunisi mpaka gauni lake jeupe likaloa petroli. "Washa," alisema. "Tuungue wote."

Nathanaeli alitoa njiti. Hapo ndipo mkewe, Brenda, mwanamke asiyewahi kumpinga hata mara moja, alipojipenyeza katikati ya watu na tumbo lake la miezi minane.

"Natha, huyu naye akizaliwa nao, tutamchoma nani?"

Njiti ilibaki mkononi. Wa nyuma walianza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamekumbuka kazi. Gari la polisi lilipofika kutoka Vwawa, uani palikuwa na wanawake wanne, mtoto mmoja, na Nathanaeli aliyekaa chini.

Mtoto yuko hai. Anakunywa dawa zake na anatambaa. Jenista ana kovu begani na anaitwa Nuria popote anapokwenda. Yunisi alipoteza jicho moja, na mkono ule haunyooki, kahawa hachumi tena. Hospitalini walipima damu ya ukoo mzima. Ya Nuria ina vinasaba vya selimundu, ya Nathanaeli inavyo pia. Ya Yunisi ni safi. Watoto wake wameupata kwa baba yao, Jairo, ambaye Nathanaeli huapa kwa kaburi lake.

Nathanaeli alikuja kumwambia mama yake mwenyewe, akiwa nje kwa dhamana, amejifuta machozi kabla ya kuingia. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, haukutoka kwako. Wamepima. Wewe huna kosa."

Yunisi alimtazama kwa jicho lililobaki. Mdomo ule wa matani haukuwa na meno ya mbele tena, na maneno yalimtoka polepole.

"Na ungetoka kwangu?"

Nathanaeli aliinamisha kichwa.