Tanuru Lililofunguliwa Mapema

Wiki jana vijana wangu pale yadi, hapa Nakuru, walipandisha gogo la mtarakwa kwenye mashine. Mtarakwa siku hizi ni adimu, hata mimi naupata kwa kujuana na watu. Msumeno ulipoingia, ile harufu ikatoka, tamu na kali kama dawa, nikajikuta nimekaa juu ya rundo la mbao. Vijana wakadhani nimeugua. Mimi siugui ovyo. Nilikuwa nimerudi kambini.

Rafiki yangu, wewe unanijua kwa malori na nyumba za kupangisha, hujui nilikotoka. Sikusoma. Darasa la pili ndilo mwisho wangu, na hata hayo machache mwalimu wa kambi aliyaingiza kichwani mwangu kwa kunichapa vidole na rula ya chuma. Leo wenye digrii wanapanga foleni mlangoni kwangu kuomba kazi. Naringa? Ndiyo, naringa. Aliyetoka kule akiwa mzima ana haki ya kuringa.

Kambi yetu ilikuwa juu ya Molo, ndani ya msitu, miaka ile ya hamsini. Zilikuwa nyumba kama arobaini za mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki baada ya kupasua mbao, zimezunguka kiwanda cha Mzungu. Ukuta mabanzi, paa mabanzi, kitanda mabanzi. Baridi ilikuwa inang'ata mpaka maji ya ndoo yanaganda. Alfajiri nyapara aligonga kipande cha reli, na aliyechelewa alionja kiboko kabla ya kuonja uji.

Msitu ule wa mitarakwa ulikuwa tajiri, lakini utajiri wake ulikula watu. Jirani yetu, Mkipsigis aliyekuwa akitugawia maziwa ya kibuyu, alishikwa shati na mkanda wa mashine, akavutwa kwenye msumeno mbele ya macho yangu. Msumeno ulisimamishwa, mbao zikamwagiwa ndoo mbili za maji, na kabla ya chakula cha mchana ukawashwa tena. Zile mbao hazikutupwa. Kuna nyumba mahali fulani imejengwa nazo, na mwenyewe hajui.

Lakini kulikuwa na Nyanya, mama yake baba. Baba alikata magogo ya Mzungu, na matawi yaliyobaki yalikuwa ya Nyanya. Hakuna aliyejua makaa kama yeye. Alipanga matawi marefu chini na mafupi juu, akafunika na majani mabichi, kisha udongo, mpaka tanuru likawa tuta refu kama kaburi la ng'ombe. Akishaliwasha alilitunza karibu wiki mbili, analizunguka kama mgonjwa, akiziba kila ufa. Moshi ulianza mweupe, ukageuka wa manjano, mwisho wa samawati. Hapo ndipo lilipofunguliwa. "Makaa ni kama mimba," alisema. "Ukiyatoa kabla ya siku yake, umeua." Sisi watoto tulifukia viazi kwenye udongo wa pembeni, vikaiva polepole, na ganda likachunika lenyewe. Nimekula hoteli kubwa kubwa, mimi. Sijala kiazi kama kile.

Kisha Hali ya Hatari, ule msako wa serikali ya Wazungu dhidi ya wapigania uhuru, ikaingia msituni, na sisi Wakikuyu wa kambi tukawa washukiwa wote, hata waliokuwa wakinyonya. Watu walichukuliwa kuhojiwa, wakarudi hawawezi kukaa chini. Wengine hawakurudi.

Wakaja kwetu asubuhi moja, jua limeshapanda. Makaburu wawili vijana, askari weusi watano, na nyapara wetu akitangulia kama mbwa aliyenusa kitu. Mtu alikuwa amesema kuna bunduki zimefukiwa karibu na nyumba zetu. Wakaliona tuta la Nyanya likifuka, lina udongo mpya.

"Fungua hapa," mkubwa wa wale askari weusi akamwambia baba.

Sasa, mtu yeyote angechukua jembe akafungua, akaokoa ngozi yake. Lakini baba alikuwa mtoto wa mchoma makaa, na alijibu kama mchoma makaa.

"Afande, nipe siku tatu tu. Halijaiva."

Askari akacheka, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Bunduki zake hazijaiva!" Kisha akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Nilisikia mfupa ukivunjika. Baba akapiga magoti, akatema meno mawili mkononi, akayatazama.

"Ni makaa, afande," akasema, damu ikimtoka. "Ukifungua leo yataungua yote."

Akapigwa tena, mara hii na wawili. Mimi nilimrukia mmoja nikamuuma mkono, na alama ya meno yangu alibaki nayo, hilo najua. Alinirusha nikaangukia kuni.

Nyanya akaja, jembe mkononi. Hakulia. Alitazama moshi, akatazama nyumba, maana upepo ulikuwa unaelekea kwenye nyumba.

"Kijana," akamwambia askari, "kama ni lazima, chimba upande wa juu. Huo wa chini moto utakurukia usoni."

Hapo ndipo alipokosea, kama baba. Aliwaambia ukweli watu waliokuja kutafuta uongo.

"Ahaa, mama mzee! Kumbe ziko upande wa chini!" Askari akampokonya jembe, akachimba kulekule alikokatazwa. Alipopiga jembe mara ya tatu, tuta likavuta pumzi, nakuambia lilivuta pumzi kama mnyama, na ulimi wa moto ukatoka ukamfunika mpaka kiunoni. Alipiga kelele ambayo bado ninayo masikioni. Makaburu walipiga risasi hewani, hawajui wampige nani. Ni baba, na taya lake limevunjika, aliyemvuta yule askari kwa miguu, akamgaragaza kwenye vumbi la mbao lililolowa.

Unadhani walimshukuru? Walimfunga kwa waya, wakamtupa kwenye lori lao, na yule aliyeungua akalazwa pembeni yake.

Mimi nikakimbia nyuma ya lori nikilia, "Baba! Baba!" Nikageuka kumwita Nyanya tukimbie pamoja. Nyanya hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameinama kwenye tanuru, amempa mgongo mwanawe, anatupa udongo kwenye lile tundu, jembe baada ya jembe. Cheche zilishaanza kutua kwenye mapaa. Hakuinua kichwa hata lori lilipokata kona.

Nilimchukia. Nakwambia kweli, nilimchukia miaka. Baba hakurudi, mtu aliyefungwa naye alituambia alikufa akipasua mawe ya barabara, taya halikupona vizuri, akawa hawezi kula. Nilipokuwa kijana nilimuuliza Nyanya kwa ukali: kwa nini makaa?

"Makaa gani?" akasema. "Ndani ya zile nyumba kulikuwa na watoto wamelala na akina mama wamezaa juzi. Lori singelisimamisha. Moto ningeuzima."

Lakini hata hilo walimnyang'anya. Siku chache baadaye tulipakiwa sote kwenye treni Molo, turudishwe kwenye hifadhi ya Wakikuyu, ile ardhi tuliyotengewa na Wazungu, na kabla hatujafika stesheni wanajeshi walizitia kiberiti zile nyumba arobaini.

Baada ya siku ile ya gogo nilipanda mpaka kule na pikapu yangu. Sasa ni mashamba ya viazi, mistari imenyooka. Kijana mmoja akaacha jembe, akanisalimia vizuri.

"Mzee, umepotea?"

"Natafuta kambi iliyokuwa hapa."

Akatazama huku na huku, akacheka bila ubaya. "Hapa, mzee? Hapa hapajawahi kukaa watu."

Niliinama nikachota udongo. Ulikuwa mweusi, mweusi kuliko udongo wowote wa Molo, una chembe za makaa ndani yake, na viazi vyake ni vikubwa. Nilimuuliza kwa nini sehemu ile tu inazaa hivyo. Akasema hajui, ni bahati ya shamba.