Kidonge Kimoja, Saa Tatu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Mabawa, mchana kweupe. Sikusimuliwa na mtu. Niliyaandika kwenye daftari jioni ile ile, na kila nikiyasoma upya naona mahali ambapo huenda nimekosea. Nitakuonyesha na hapo pia. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini uongo sikufundishwa.

Kazi yangu ni kukanda unga kwenye tanuri la mikate, Usagara. Tunaingia jioni, tunatoka asubuhi mikate ikishapakiwa. Usingizi wangu basi ni wa mchana, na mchana wa mtaani kwetu ni redio, watoto na wauza samaki. Naishi na wifi yangu Rukia. Kaka yake, mume wangu, yuko Handeni kikazi. Rukia ndiye aliyekuwa akinishikia mwanangu Mwanaidi, wa miaka mitatu na nusu, mimi nikilala. Kila nikirudi hunipokea kwa utani: "Popo wa Mabawa huyo! Leo unalala au unaruka?"

Ikafika wiki silali kabisa, na kikohozi juu. Nikaenda duka la dawa, nikaomba vidonge vya usingizi, vile visivyotaka cheti cha daktari. Binti wa dukani akaniuliza, "Unalala saa ngapi, dada?" Nikamjibu saa tatu asubuhi, nikishaoga. Akaandika juu ya bahasha ya kaki: *Kidonge 1 saa 3*. Akauliza tena, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Nikasema hakuna. Ile dawa ya maji ya kikohozi sikuihesabu kuwa dawa. Binti yule sina la kumlaumu. Aliuliza, na aliandika nilichomwambia.

Kesho yake narudi kutoka kazini, namkuta Rukia kashavaa baibui. Msiba, Tongoni.

"Wifi, nitarudi alasiri. Funga komeo la juu, mwanao huyu ana miguu."

"Nenda, nitajilaza tu, sitalala."

Kujilaza tu! Saa tatu nilimeza kidonge kimoja. Nikasinzia, mtoto akinipanda mgongoni, nikazinduka saa sita kasoro kichwa kizito kama kimejazwa unga mbichi. Nikaitazama ile bahasha. *Kidonge 1 saa 3*. Wallahi, niliisoma hivi: kimoja kila saa tatu. Si ndivyo tulivyozoea kuambiwa dawa za homa, kila baada ya saa kadhaa? Nikahesabu: saa tatu nimekunywa, sasa saa sita, zamu ya cha pili imefika. Nikameza, nikasindikizia na kijiko cha dawa ya kikohozi. Daftari linasema kijiko kimoja. Inawezekana vilikuwa viwili. Nikafunga komeo, lile la juu asilolifikia mtoto, nikalala mkekani.

Jua lilikuwa utosini. Wazee wetu wa pwani hukataza mtoto kutoka nje saa hiyo. Husema si saa ya watu peke yao. Na mimi nilikuwa nalijua hilo.

Nikasikia, "Hodi."

Nilitaka kujibu. Ulimi haukunyanyuka. Macho nimeyafumbua, naona dari, naona mguu wa kitanda, naona mwanangu amekaa anachezea kifuniko cha sufuria. Ila mwili si wangu. Umewahi kubanwa na jinamizi? Basi ilikuwa hivyo, lakini hili halikukaa kifuani. Lilikuwa mlangoni, likipiga hodi kwa adabu.

"Hodi," mara ya pili.

Na mwanangu, aliyefundishwa adabu na mimi mwenyewe, akajibu, "Karibu!"

Komeo sikulisikia. Niliona mwanga tu umeingia, na mwanamke amesimama ndani yake, jua mgongoni, uso sikuuona. Akainama mbele ya mtoto. Niamini kwa hili hata kama yote mengine utayatupa. Alimwambia mtoto wa miaka mitatu na nusu:

"Shikamoo, Mwanaidi."

Mtoto akacheka, akajibu kama bibi kizee, "Marahaba."

Nani humpa mtoto mdogo shikamoo? Nywele zilinisimama, na hicho ndicho kitu pekee mwilini mwangu kilichoweza kusimama.

"Mama amelala?"

"Amelala."

"Basi twende."

Ile sauti niliijua. Nilijua kabisa nimeisikia kila siku, nikashindwa kujua ya nani. Nikaona mkono mdogo unaingia kwenye mkono mkubwa. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, na mdomo haukufunguka. Chozi tu lilitoka, likaingia sikioni. Mlango ukarudishwa taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Nilichokuja kusikia tena ni adhana ya alasiri, na Rukia ananimwagia maji mwili mzima. "Mtoto yuko wapi? Wifi! Mtoto yuko wapi?"

Tulimpata, alhamdulillahi. Alikuwa kwenye tanuri la mikate, Usagara, ng'ambo ya barabara kubwa ya malori, amekaa juu ya gunia la unga anakula mkate wa boflo. Mzee Kombo, fundi wetu anayeshinda hapo mchana, alinitazama kwa mshangao.

"Si umemleta mwenyewe? Saa saba hivi. Nikakusemesha, hukujibu. Umetuamkia wote shikamoo, mpaka vijana wa kupakia, wakakucheka. Ukamweka mtoto hapo, ukaondoka."

"Ulinitazama usoni, Mzee Kombo?"

Akaitazama kanga niliyojifunga. "Kanga niliiona. Ni hiyo hiyo."

Sasa nipime kwa haki. Kanga ile nusu ya Mabawa wanayo. Miguu yangu ingesema kama nimetembea vumbini, lakini Rukia alishaiosha kwa maji yake. Daktari wa kituo cha afya alisema vidonge viwili juu ya dawa ya kikohozi yenye usingizi ndani yake vinaweza kumfanya mtu atembee na kusema bila kujua. Nikamwambia, lakini nilijiona nimelala, daktari. Akasema inawezekana. Ustadhi naye nilimweleza saa na jua na ile salamu. Akasema inawezekana.

Mama mkwe alimchukua mtoto, yuko naye Tongoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mpaka tujue ni nani, mwanangu." Simlaumu, mimi pia nisingejiachia mtoto. Vidonge nilivirudisha dukani, na usingizi ninaoupata ni huu huu wa kuvizia.

Kwa hiyo nakusihi. Ukiandikiwa *saa 3*, uliza hapo hapo dukani ni saa ya kumeza au ni kila baada ya saa tatu. Taja kila unachokunywa, hata cha kijiko. Usiongeze cha pili kwa sababu cha kwanza kimechelewa. Na ukiachiwa mtoto peke yako, kaa macho, hata kama macho yanawaka moto.

Kila Ijumaa naenda kumwona. Juzi alitoka mbio hadi uani, akasimama hatua tatu mbali nami, akaniangalia kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Wewe ni mama yupi?" akauliza.

Bibi yake akageuka kunitazama, naye akingoja nijibu.