Viatu Visivyowahi Kukanyaga Chini

Inasemwa katika nyumba za Wakenya wa Texas, kuanzia Cedar Hill hadi Sugar Land, kwamba nilimvua mtu viatu ngazini kwa nguvu. Jambo hilo si kweli, na kwa kuwa nimetumikia masjala ya serikali hadi kustaafu, siwezi kuliacha likae hivyo. Nilimwomba avivue. Akavivua mwenyewe.

Viatu vilikuwa vya mwanangu, aliyefariki ghafla katika nyumba yake ya kupanga huko Sugar Land. Ni raba za mpira wa kikapu, zambarau na dhahabu, rangi za chuo kikuu kimoja cha Amerika, zilizotengenezwa chache kwa ajili ya wachezaji wa chuo hicho tu. Wakusanyaji wa viatu huzitafuta kama wengine wanavyotafuta vito. Mwanangu alitoa karibu kila jozi aliyokuwa nayo ili abadilishane na hiyo, kwa sababu ndicho chuo kilichomleta nchi hii. Kisha hakuzivaa hata siku moja.

Baada ya kumzika nyumbani nilirudi Texas kwa binti yangu, muuguzi anayeishi Cedar Hill, tukaenda Sugar Land kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi yetu. Nilizitoa raba hizo kwenye boksi lake nikaziweka kitini. Nikaingiza mkono ndani. Nguo zake zote zilikuwa bado na harufu yake. Hizi zilinuka gundi tu. Niliazimia kuzihifadhi vile vile, kwa kuwa zilikuwa kitu chake pekee ambacho taabu ya nchi hii haikukigusa.

Nikatoka kuwasindikiza wazee wa kanisa hadi magarini. Huku nyuma akina mama walikuwa wanafagia, na katika nyumba zetu kiatu hakikai kitini. Wakaziweka mlangoni pamoja na viatu vya wageni. Wageni walipoondoka, jozi moja ikabaki haina mwenyewe. Mama mmoja akaona ni ya marehemu, imesahaulika katika mgao, akampa Mrundi aliyekuwa akifanya kazi na mwanangu katika ghala la mizigo, ambaye hakuwa amepata kitu. Niliporudi nilikuta boksi tupu.

Nililibeba boksi hilo hadi Cedar Hill. Tangu hapo, kila alasiri, binti yangu akiwa amelala baada ya zamu, nilisikia raba mpya zikilia sakafuni ukumbini: hatua kadhaa, kimya, kisha tena, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Nilikuwa nikiinuka kwenda kutazama. Sikukuta mtu.

"Ni mbao, Baba," binti yangu alisema. "Nyumba za huku zinalia jua likizichoma."

"Mbao hazigeuki zikifika mlangoni."

Aliitazama ratiba ya zamu zake. "Haya. Nikipata off nita-drive twende Sugar Land tuviulizie."

Mrundi yule anaishi huko Sugar Land, ghorofa ya juu. Tulikuwa tumesimama mlangoni pake niliposikia mlio ule ule ukipanda ngazi. Nusura niite jina la mwanangu. Akatokea Mrundi mwenyewe, ametoka kazini, raba miguuni, zambarau imepauka kwa vumbi la ghala.

"Karibu, muzee. Mbona hamukusema munakuja? Ningepika ndizi."

"Ni nani aliyekuruhusu kuvaa viatu hivyo kazini?"

Akaitazama miguu yake. "Nilipewa, muzee. Sasa nivivalie wapi? Kitandani?"

"Havikupaswa kuvaliwa. Mwenyewe hakuvivaa."

"Ile najua. Kila mapumziko tulikuwa tunamucheka. Tunamwambia, wewe na viatu vyako mutazeeka pamoja kabatini. Anasema hapana, hivi ni vya siku nitarudia chuo. Siku ya kwanza, ndiyo vitakanyaga chini."

"Kurudi chuoni kufanya nini? Alihitimu."

Mrundi akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama sakafu.

"Aliacha mwaka wa pili, Baba. Karo ilimshinda, akaingia ghalani."

"Na wasifu niliousoma kaburini? Ulijua, ukaniacha niusome?"

"Ungesoma nini, Baba? Watu wote wale wamekaa wanakutazama."

Hapo ndipo nilipoomba avivue. Nilivigeuza. Soli zilikuwa zimelika upande wa nje wa kisigino. Niliingiza mkono ndani kama nilivyofanya siku ile, nikakuta alama iliyobonyea ya mguu wa mtu, na joto. Nilikuwa nimekuja kudai kitu ambacho hakijaguswa, na hakikuwapo tena. Nikamrudishia. Alisita, akidhani namtega, kwa hiyo nikamwambia waziwazi kwamba ni vyake na avivae.

Basi rekodi isomeke hivi. Sikumpora mtu. Wasifu uliosomwa kaburini ulisema kwamba mwanangu alihitimu. Hakuhitimu. Alikuwa akijiandaa kurudi.

Boksi tupu lipo chumbani mwangu. Alasiri raba bado zinalia ukumbini, zinafika mlangoni, zinageuka. Siinuki tena. Siku hizi mlango huo wa nje nauacha wazi, na binti yangu akiamka hulalamika kwamba baridi yote ya kiyoyozi imetoka nje.